Siku Tuliposoma Orodha Galbet

Nimestaafu miezi mitatu sasa, na bado ikifika saa kumi na mbili asubuhi nimeshavaa viatu. Hakuna ninakokwenda. Nimepanga sufuria upya mara nne, nimefagia uwanja ambao upepo wa Garissa huurudishia vumbi kabla sijauweka ufagio chini, na juzi nilimpa jirani ushauri kuhusu mbuzi wake, ushauri ambao hakuniomba. Watu wa nyumbani wananiambia nipumzike. Kupumzika nako ni kazi, na hakuna aliyenifundisha.

Zamzam, aliyechukua meza yangu, ndiye aliyeniomba niandike. Alitaka maelezo ya jinsi ya kutengeneza orodha ya wazee wanaopewa chakula, ukurasa mmoja tu, apige chapa na kuubandika ukutani. Nilijaribu huo ukurasa mmoja. Nikaona siwezi kueleza orodha bila kueleza kosa, na kosa halitoshi kwenye ukurasa. Kwa hiyo someni mkiwa na muda, na mkikosa muda rukeni mpaka kwenye korona. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha iliyotukutanisha pale ofisini, sisi wa huku na ninyi mliotoka kwingine, ingawa mengi yaliyomo humu yalisemwa kwa Kisomali. Vyeo nitaviruka. Mshahara pia nitauruka, maana wenyewe uliniruka mara nyingi.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na viatu vyeupe. Ulikuwa mwaka wa ukame, nami nilikuwa nimetoka shule nikiamini kwamba kazi ya shirika la misaada ni kukaa mezani na kuandika majina. Wakanipeleka ghalani kwa Mzee Musyoka, mtu wa Mwingi, mfupi, mwenye kofia ya sufi hata joto likiwa la kupasua kichwa. Hakuniuliza cheti. Alinipa bambo, kile chuma chenye ncha kinachochomwa kwenye gunia kutoa punje za katikati bila kulifungua, akaniambia nichome magunia yote ya safu ya nyuma. Nikauliza kwa nini ya nyuma. Akasema ya mbele yamepangwa ili yaonekane.

Kufika adhuhuri viatu havikuwa vyeupe tena, na nilikuwa nimepata magunia manne ya mahindi yanayonuka kama nguo iliyokunjwa na maji. Mzee Musyoka akanitilia punje chache kiganjani, nzuri, si zile zilizooza, akaniambia nitafune. Nikatafuna mpaka taya likaniuma. "Haya," akasema, "wewe una meno yote na umehangaika. Bibi yako kule mtaani, kwenye bulla, atatafuna na nini?" Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu na sikuwa nimewahi kujiuliza swali hilo, ingawa nyanya yangu mwenyewe alikuwa hana jino hata moja.

Alikuwa na jambo jingine la kunifunza, nalo nimelitumia mpaka siku ya mwisho. Ukiingia kwa mzee usimuulize kama amekula. Kila mtu mwenye heshima zake atakwambia amekula na atakualika kwenye chai ambayo hana. Muulize nani anawasha moto nyumbani, na mara ya mwisho uliwashwa lini. Moto haukuumbwa na aibu, alikuwa akisema, kwa hiyo hausemi uongo.

Kasoro yangu mnaijua, hata kama mlinificha kwamba mnaijua. Nina haraka. Mzee Musyoka aliiona wiki ya kwanza. Aliniambia, "Dahabo, unaandika kabla mtu hajamaliza kusema." Nikamjibu kwamba foleni ni ndefu. Nilimjibu, bila shaka, kabla hajamaliza kusema.

Miaka michache baadaye walinituma Tarbaj, kule Wajir, wakati wa ukame mwingine. Huko nilimkuta mama mzee aliyekuwa akimlisha mbuzi wake mahindi yetu ya msaada, kiganja kwa kiganja, kwa utulivu mkubwa. Nilikasirika. Niliandika ripoti kali, kwamba mpokeaji fulani anatumia chakula vibaya, na nikapendekeza aondolewe. Ripoti ilipofika Garissa, Mzee Musyoka alicheka mpaka akavua ile kofia. Aliniuliza kama nimesahau kuandika kwamba yule mama anamkamua mbuzi. Kwa hesabu yake, katika kijiji kizima yeye peke yake ndiye aliyefaulu kuyala mahindi yale, kwa kuyapitisha kwanza kwa mbuzi. Nikaifuta ripoti. Tangu hapo nilipigania unga badala ya punje, na maziwa ya unga kila ilipowezekana.

Ngoja niseme kuhusu zana, kabla sijasahau. Bambo mnalo, litumieni. Kalamu mbili, kwa sababu ya kwanza itakauka kwa joto. Na kisu kidogo. Vijana wengi hawajui kazi ya kisu. Kifuniko cha dumu la mafuta ya kupikia hufungwa na mashine kiwandani, na vidole vilivyopinda haviwezi kukifungua. Niliwahi kuvuta madumu matatu kutoka chini ya kitanda cha mzee mmoja, yote mazima kama yalivyotoka dukani, na mwenyewe miezi mitatu anakula uji mtupu. Tulikuwa tumeandika kwamba amepokea. Alikuwa amepokea kweli. Kwa hiyo msishuke garini mkakabidhi na kuondoka. Fungueni, mimineni kidogo, onjeni naye.

Mzee Musyoka alirudi kwao Mwingi miaka mingi kabla ya korona. Nimetamani mara nyingi angekuwapo mwaka ule, japo angenigombeza.

Kisha ikaja korona. Soko la mifugo likafungwa, kwa hiyo ndugu wa porini hawakuwa na sababu ya kuja mjini. Daraja la Mto Tana likawa na kizuizi. Misikiti ikafungwa, na pamoja nayo zile sinia za futari ambazo wanaume wazee wengi walizitegemea bila hata mmoja kusema anazitegemea. Redio ilisema wazee ndio walio hatarini zaidi, wakae ndani, wasitembelewe. Lilikuwa shauri jema, na liliwaua kwa njaa. Sisemi kwa kutia chumvi. Mzee wa Garissa hali chakula cha dukani. Anakula maziwa ya ngamia yanayoletwa asubuhi na gari kutoka porini, sukari aliyoiacha mpwa alipopita, sahani ya jirani, nyama ya mgeni. Chakula chake kina miguu. Siku watu walipoambiwa wasitembee, chakula nacho kikakaa.

Mfadhili mmoja alikubali kutoa unga, maharagwe, mafuta na maziwa ya unga kwa wazee wasio na mtu. Fomu ikaja kutoka Nairobi. Ukurasa wa pili ulikuwa na kisanduku: Je, ana mtoto aliye hai? Ndiyo. Hapana. Ukitia alama kwenye Ndiyo, jina linaanguka. Sitaki kumsema mfadhili. Chakula kilikuwa kidogo na lazima mtu aachwe, na aliyeiandika fomu alidhani mwenye mtoto ana sufuria motoni. Hakujua kwamba mtoto anaweza kuwepo na barabara isiwepo.

Nikapewa bulla ya Galbet. Nilikaa juu ya dumu tupu nje ya kila mlango, hatua mbili kutoka kwa mtu, barakoa puani, nikiwauliza wazee wasiosikia vizuri habari za njaa yao kwa sauti ya mnada. Nilijionea haya. Ilikuwa Ramadhani, jua kali, na nilitaka kila nyumba iishe upesi.

Ndivyo nilivyofika kwa Ayeyo Hawo. Ayeyo ni bibi, na sote tulimwita hivyo, hata sisi wenye wajukuu. Kitambulisho chake kilisema amezaliwa tarehe mosi Januari, kama nusu ya watu wa kaunti hii. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, mwenye ulimi mkali. Aliniambia barakoa yangu inanifanya nionekane kama punda aliyefungwa mdomo asile mtama. Nikamuuliza nani anawasha moto. Akasema yeye mwenyewe. Nikamuuliza mara ya mwisho ni lini. Akatazama meko, akasema juzi.

Ana mtoto? Anaye. Bishar, anauza vitunguu sokoni Ifo, kule kambini kwa wakimbizi. Kila wiki Bishar alimpakilia dumu la maziwa na unga wa anjera, ile mikate yetu myembamba, kwenye gari linalokuja mjini, na miaka yote halikukosa. Sasa kambi zimefungwa, gari haliingii wala halitoki. "Nina mtoto mmoja tu," akasema, "na ananitosha."

Nikakitazama kile kisanduku. Nikatia alama kwenye Hapana.

Sikumwambia. Hajui kusoma, na mimi nilikuwa tayari nimesimama. Nilifanya hivyo hivyo kwa wazee wengine kumi pale Galbet, wote wakiwa na watoto mbali. Mmoja wao alikuwa Adeer Yarow, yaani ami Yarow, mzee mpole aliyekuwa akishona viatu zamani. Nilipomuuliza habari za mtoto alisema anaye mmoja, Kasim, mwenye duka Nairobi, akainua macho juu kwenye bati na hakuongeza neno. Nikaandika hana. Niliona ninawahurumia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli alama ile haikuwa na uzito wowote mkononi mwangu.

Sasa, utaratibu wetu ulikuwa kuisoma orodha barazani ili mwenye pingamizi aseme. Mabaraza yalikuwa yamepigwa marufuku. Mkubwa wetu, Bwana Farah, akaamua orodha isomwe kwa kipaza sauti juu ya gari, mtaa kwa mtaa. Hakuna aliyepinga, mimi wa kwanza. Msomaji alikuwa Noor, dereva wetu, mwenye sauti nene nzuri. Hakuna aliyekumbuka kwamba Noor, siku ambazo si za kazi, ndiye aliyekuwa akizunguka na kipaza sauti hicho hicho kutangaza maziko. Watu wa Galbet walikuwa wamezoea kuisikia sauti ile na kusimama ili wajue nani amekufa.

Noor akasoma kama karatasi ilivyoandikwa. Hawo Abdi, hana mtoto. Akapita.

Mimi nilikuwa ghalani nikipima unga. Alasiri nikapigiwa simu niende Galbet haraka. Uwanja wa Ayeyo Hawo ulikuwa umejaa wanawake, wamekaa mikekani bega kwa bega, barakoa ziko kidevuni, na pembeni kuna vifurushi vya sukari na majani ya chai kama inavyoletwa kwenye msiba. Walikuwa wamekuja kuhani. Kila mtu pale alimjua Bishar. Kila mtu alijua Ifo imefungwa na kwamba ugonjwa unasemwa umeingia. Na sauti ya Noor ilikuwa imepita ikisema Hawo hana mtoto. Nani angehitaji kuelezwa zaidi? Walikuwa wamempigia Bishar simu tangu adhuhuri na haikupatikana.

Ayeyo Hawo alikaa akiutazama ukuta. Nikapiga magoti karibu naye, nikasahau hatua mbili. Nikamwambia ni kosa la ofisi, hakuna aliyetuletea habari ya kifo. Hakugeuka.

"Karatasi imejua kabla yangu," akasema.

Kwa wale wazee wengine fujo ilikwisha siku ile ile. Watoto walipigiwa simu, wakapokea, wakashangaa kwa nini mama analia, na matusi yote yakaja ofisini kwetu, tukayapokea kwa haki. Adeer Yarow peke yake hakulalamika. Alitia sahihi kwa kidole, akachukua unga wake, akashukuru. Niliona ni mtu muungwana.

Lakini Bishar hakupatikana. Na Ayeyo Hawo hakula. Alifunga mchana kama sote, na magharibi alifungulia maji na nusu tende, basi. Sukari ya rambirambi ilikaa pembeni. Unga wetu ulikaa mlangoni kwenye mfuko wenye nembo, naye aliuzunguka kwa mbali alipokwenda kutawadha. Jirani mmoja aliniambia amemsikia akisema kile ni chakula cha mtu asiye na mtoto, na yeye si mtu huyo, au kama ndiye basi hakihitaji.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini, na mnajua barabara tulizopita. Mwili wa umri ule hauna akiba. Siku tatu sikukaa chini. Nilipiga simu Ifo kwa kila mtu niliyewahi kumjua, na kwa watu ambao wao walijua watu. Siku ya pili nikampata muuza viazi aliyepakana na kibanda cha Bishar. Akaniambia Bishar amechukuliwa pamoja na wengine akakae karantini, kwa kuwa mteja wao mmoja aliugua. Simu yake ilibaki kibandani bila chaji. Nikauliza, mzima? Akasema alikuwa mzima alipoondoka. Neno hilo sikulipeleka Galbet, maana kila aliyefia mbali alikuwa mzima alipoondoka.

Siku ya tatu, kabla ya alasiri, Ayeyo Hawo alishindwa kusimama kusali, akasali ameketi. Nikaona sina tena pa kukimbilia. Niliwaomba wanawake watoke. Nikavua viatu, nikavua na barakoa.

"Ayeyo," nikasema, "hakuna aliyesema Bishar amekufa. Mimi ndiye niliyeandika kwamba huna mtoto. Niliandika ili upewe unga. Ningeandika unaye, usingepewa."

Akaniuliza, "Mimi nilikwambia sina?"

"La. Uliniambia unaye, na anakutosha."

"Nawe ukaandika sina."

"Ndiyo."

Kwetu kumwambia mama kwamba hana mtoto si habari, ni apizo. Nilikuwa najua hivyo tangu nikiwa mdogo. Nilisimama pale nikingoja anifukuze, na ningeshukuru. Hakunifukuza. Aliniambia niende nikamrudishe mwanawe palepale nilipomtoa, kwa gari lile na kwa sauti kubwa ile ile. Nikamweleza kwamba nikifanya hivyo ataondolewa kwenye orodha, na si yeye tu, wapo wengine kumi niliowaandika hivyo, nao wataondolewa. Wengine walikuwa hawana kitu kabisa. Akauliza kama hao nao wana watoto. Nikasema wanao.

"Basi warudishe wote," akasema. "Unadhani unga unaliwa na nani, na mtu au na uongo?"

Nikamwendea Bwana Farah. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza, akaniambia kwamba masikio yake yakisikia ikitangazwa hadharani kwamba jina limeandikwa kwa uongo, itambidi alifute, kwa sababu kuna wazee wa bulla nyingine wasio na mtoto kweli na hawajafikiwa. Akaniambia pia kwamba masikio yake kesho asubuhi yatakuwa ofisini, yanasikia vizuri. Alikuwa ananipa nafasi ya kunyamaza, kwa adabu. Usiku ule nilibadilisha nia mara nyingi kuliko nilivyogeuka kitandani.

Asubuhi tukatoka, mimi na Noor. Kwenye njia ya kuingia Galbet askari akatusimamisha akitaka kujua mkutano gani huu wa kipaza sauti. Noor akatoa kichwa dirishani. "Afande, hii si mkutano. Mama nasoma majina ya wazee tu, halafu sisi nabita." Tukaachiliwa. Noor akanyoosha mkono achukue karatasi, nikamwambia leo nasoma mimi. Alishukuru. Tangu siku ile ya kwanza watu walikuwa wakimpita bila salamu.

Sauti yangu kwenye kipaza sauti ilitoka nyembamba na ya ajabu. Nikasema, "Hawo Abdi ni mama yake Bishar, na Bishar yuko Ifo. Aliyeandika kwamba hana mtoto ni mimi, Dahabo, na niliandika uongo." Nikawataja wote hivyo, mzee na mtoto wake na mahali mtoto alipo. Watu walitoka milangoni. Tulipopita kwa Ayeyo Hawo alikuwa ameshikwa mikono na wanawake wawili, amesimama. Aliniambia nirudie, kwa sababu upepo ulikuwa umechukua jina la mwanawe. Nikarudia.

Magharibi ile alikula anjera moja na chai ya rangi, na baada yake akaomba nyingine. Bado hatukuwa na habari ya Bishar, ila kwamba alipelekwa karantini. Nikamwambia hivyo, maana nilikuwa nimeapa kutoficha kitu tena. Akaendelea kutafuna kwa fizi, polepole. "Sasa hata kama amekufa," akasema, "amekufa akiwa mwanangu."

Bwana Farah alifuta majina yote kumi na moja kwa wino mwekundu, akaniandikia barua ya onyo ambayo iko kwenye faili langu mpaka leo. Zamzam, unaweza kuisoma, imeandikwa vizuri. Bishar alipiga simu wiki moja baadaye, mzima, ametoka karantini na hajui lolote. Nilikuwa nimekaa pale. Niliwasha spika nikamshikia Ayeyo simu sikioni, nikitarajia kilio. Aliuliza jambo moja, akaliuliza mara mbili kwa sababu laini ilikuwa mbaya: "Umekula?"

Likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Nilipowataja watoto kwa majina na mahali walipo, niliwavua nguo mbele ya mji. Binti wa Mombasa, kijana wa Mandera, aliye Nairobi, wote walisikia kabla ya adhuhuri kwamba mama zao na baba zao wako kwenye orodha ya wanaokufa njaa, na kwamba watu wanajua walipo. Simu zikaanza kuita. Aliyekuwa na kitu alituma, na asiyekuwa nacho alimwomba shemeji. Kabla mwezi haujaisha, wale niliowatoa kwenye orodha walikuwa wanakula vizuri kuliko waliobaki. Wenzangu walinipongeza kana kwamba nilikuwa na akili hiyo tangu mwanzo. Sikuwa nayo.

Ningependa kuishia hapo. Nimejaribu kuishia hapo mara tatu, nikasimama, nikatembea uwanjani, nikarudi.

Kasim hakutuma. Watu wa Galbet ni wema, na kila aliyempita Adeer Yarow amekaa nje kwenye kiti chake alimuuliza kama Kasim ametuma. Siku ya kwanza alisema bado. Siku ya pili alisema bado. Baada ya wiki kiti hakikuwa nje tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakulalamika Noor aliposoma. Chini ya uongo wangu, mbele ya majirani wasiomjua Kasim, alikuwa mtu ambaye Mwenyezi Mungu hakumjalia mtoto, na mtu wa namna hiyo hupewa pole na heshima. Nilimvua heshima hiyo kwa kipaza sauti, nikamvika ukweli ambao hakuniomba. Hata siku ile nilipomuuliza habari za mtoto, macho yake juu ya bati yalikuwa yananiambia. Mimi nilikuwa nimesimama tayari kwenda nyumba inayofuata.

Zamzam, kwa ukurasa wako wa ukutani andika hivi: msomee mtu ulichoandika, umngoje, ndipo uondoke. Hilo litoshe watu wengi. La Adeer Yarow sijui utaliandikaje, maana yeye ningemsomea angesema sawa.

Nilikwenda kwake kuomba msamaha, nimebeba jagi la maziwa ya ngamia kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Alikuwa ndani, gizani, mchana. Aliinua kichwa, akalitazama jagi, akaanza kuuliza maziwa yale yametoka kwa nani. Nikajibu kabla hajamaliza.

"Kasim," nikasema. "Amenitumia mimi pesa, kwa kuwa nina simu."

Najua alinijua. Ameshona viatu miaka arobaini, hadanganyiki na mshono. Kisha akaniambia niweke nje, kivulini, karibu na kiti. Kesho yake alikuwa amekaa pale na jagi pembeni yake mahali ambapo kila mpita njia angeliona.

Mpaka leo nampelekea, kila asubuhi maziwa yakifika. Hatujawahi kulizungumza. Juzi aliniuliza kama Kasim anakula vizuri huko Nairobi. Nikamwambia anakula.